Kifandugu cha Gari

Fundi wangu ni mtu wa Ujiji, na watu wa Ujiji hawakufungulii injini bila kukufungulia na kitabu. Alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu nje, kandambili moja imemtoka, akaniuliza kutoka huko huko: "Shemeji, unajua binadamu akishaoza kinabaki nini?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza habari ya silinda hedi.

"Kinabaki kifandugu."

Ni kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, tunachokikalia. Katika mapokeo ya Waislamu, Mtume alifundisha kwamba ardhi hula mwili wote wa mwanadamu isipokuwa hicho, na kutoka hicho ndipo ataundwa upya siku ya kufufuliwa. Fundi akapiga chuma cha juu yake kwa spana, mlio ukakimbia mpaka nyuma. "Sasa hiki ndicho kifandugu cha gari. Chasisi. Vilivyobaki vyote ni nyama. Injini ni nyama, shemeji. Usiililie."

Sikuwa nalia. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, hapa Kashaulili, katika gereji ambayo ardhi yake imekuwa nyeusi kwa oili, nikipiga hesabu ya pesa nisiyokuwa nayo.

Gari lenyewe ni Coaster ya miaka ya 1980, injini ya 3B. Marehemu mume wangu alilinunua likiwa limeshachoka kubeba abiria. Akang'oa viti, akabakiza vitatu vya mbele, akaweka kitanda cha futi nne kwa sita, kabati la mninga, mahali pa jiko la mafuta ya taa, na wavu kila dirisha, kwa sababu ukishapita Sitalike mbung'o hulifuata gari linalotembea kama watoto wanavyofuata harusi. Msimu wa asali tulikwenda Inyonga, tukalala humo humo mpaka ndoo zijae. Asali ikiisha tunateremka Karema, ziwani, kuchukua dagaa na migebuka. Mume wangu hakupenda kulala mbali na mzigo wake, na mimi sikupenda kulala mbali naye. Majirani hawakuliita gari. "Nyumba imerudi," walisema wakiliona linakata kona.

Lilikufa likipanda kutoka ziwani. Paipu ya rejeta ilipasuka, na kijana aliyekuwa anaendesha akauona mshale wa joto umesimama juu kabisa, akadhani ni ubovu wa geji. Simlaumu sana, geji ile ilishatudanganya mara nyingi. Tulivutwa mpaka mjini na lori la mahindi. Fundi alipofungua, hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu, silinda ya tatu imekwaruzwa kama mtu kapitisha uma, na oili imechanganyika na maji mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa. Nyuma, juu ya kitanda, kulikuwa na magunia sita ya dagaa niliyopewa kwa mali kauli. Wanawake wa Karema walinipa bila senti moja, kwa neno tu kwamba nikirudi nitalipa. Kwao neno langu lilikuwa na magurudumu.

Jioni ile Doto akaniletea ujumbe kwenye simu: "Mama, ukitoa injini ya baba, hilo si gari la baba tena. Liuze skrepa, ununue Noah." Doto ni mhasibu. Ndani ya sentensi yake kulikuwa na mizania: kama kitu chenyewe hakipo tena, basi hakuna wa kumwonea huruma.

Kulwa, pacha wake, ni wa aina nyingine. Alisoma falsafa miaka miwili katika seminari ya Ntungamo, kule Bukoba, kabla hajatambua kwamba anachotaka ni mke. Yeye alipiga simu usiku, saa zile za bando la bei nafuu, akanieleza kwamba swali la Doto lina miaka karibu 2,000 kwenye vitabu. Waathene walikuwa na chombo cha shujaa wao Theseus. Kila ubao ulipooza waliutoa wakaweka mpya, na Plutarch ameandika kwamba wanafalsafa waligawanyika, hawa wakisema ni chombo kile kile, wale wakisema sicho. Halafu Mwingereza Hobbes, mwaka 1655, akatia chumvi kwenye kidonda: je, mtu akiziokota zile mbao mbovu moja moja, akaziunga upya kwa mpangilio wake wa zamani, chombo cha Theseus kitakuwa kipi?

"Uliza kadi iko mkononi mwa nani," nikamwambia. Akacheka. Nilikuwa sitanii sana. Kadi ya gari ya nchi yetu ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, gari linabaki na jina lake, ila lazima ukawaambie TRA namba mpya. Wanafalsafa wameshindwa kukubaliana karne kadhaa, serikali imemaliza kwa karatasi moja.

Lakini kabla ya kumjibu Doto ilibidi nimjibu fundi, maana alikuwa ameshaniwekea njia zake mezani, au tuseme juu ya boneti.

Ya kwanza ilikuwa kuifufua 3B yenyewe: hedi nyingine, silinda zichongwe ziwekewe sleevu, pistoni na ringi mpya, krenki ikaguliwe. Kuchonga silinda hatukuweza hapa kwake. Bloku ingesafirishwa, ingesubiri foleni, ingerudi, na gharama ingekaribia ile ya kununua injini nzima iliyotumika Japani. Moyo wangu uliikimbilia hiyo. Fundi akaniambia kwa upole kwamba bloku iliyochemka vile inaweza kuwa imepinda mahali ambapo jicho halioni, na nitalipa mara mbili.

Ya pili ilikuwa 1HZ, ile ya silinda sita, lita 4.2, inayosukuma Land Cruiser za hifadhi na za miradi yote iliyowahi kupita Katavi. Spea zake unazipata hata kwa muuza vitunguu. Nikaitamani. Fundi akachukua fimbo, akapima pua ya gari, akanionyesha: ni ndefu, rejeta itasogezwa, maunting zitachomelewa mpya, na pua itakuwa nzito kuliko breki zilivyozoea. Tena 1HZ ina mkanda wa taiming, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. "Ukisahau, mkanda hausahau," akasema. Kijana wake akataja 4D33 ya Canter, rahisi na imejaa kila mahali, ila hiyo ingetaka kutengenezewa pleti ya kuiunganisha na gia boksi ya Toyota, na fundi hapendi injini na gia boksi zinazozungumza kwa mkalimani.

Ikabaki 14B. Ni mdogo wake 3B wa tumbo moja: lita 3.7 badala ya 3.4, inakaa juu ya maunting zile zile, inashika gia boksi ile ile, taiming yake ni ya gia za chuma kama ya kaka yake. Tofauti kubwa ni kwamba 3B huchoma dizeli kwanza katika kijichumba cha pembeni, na 14B huinyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni. Kwa hiyo hula kidogo, huwaka upesi asubuhi ya baridi, na hupiga kelele zaidi, mlio mkavu, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Fundi akanipa na masharti ya kununua: nihakikishe volti, kwa kuwa letu ni la 24 na injini nyingine huja na stata ya 12, nifungue kifuniko cha oili nitazame ndani kama kuna utando wa maziwa, na injini iliyokwanguliwa namba nisiiguse hata nikipewa bure.

Nikarudi nyumbani na hayo yote. Sikulala.

Doto ana haki ya kuuliza, ila kuna jambo halijui kuhusu mama yake, au analijua kwa namna watoto wanavyojua mambo, bila kuliangalia. Mimi sikuwazaa Kulwa na Doto. Mama yao alifariki wakiwa na miaka minne. Niliingia katika nyumba ile mwaka 2001, nina miaka 29, na wiki ya kwanza tu, bombani, mwanamke mmoja akaita nyuma yangu: "Mama Kulwa! Ndoo yako imejaa!" Niligeuka kutazama ni nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Jina lilikuwa limebaki pale pale, kama kiti cha dereva, na mimi nimekalishwa.

Niliuchukia mwezi ule. Nilijiona nimeletwa kama spea. Kiswahili chenyewe kinasaidia udhalimu huo, maana mke huitwa nyumba, na hapo mtu akisema "amepata nyumba nyingine" hujui kama amehama au ameoa. Pamoja na jina nikarithi vitu nisivyovichagua: mama wa yule mke aliyefariki, aliyekuja kila Pasaka kuona kama wajukuu wake wamenenepa, kaburi la kufyekewa majani, deni la kitenge dukani ambalo mwenye duka aliniletea bila haya, akisema, "Mama Kulwa alichukua." Nikalilipa. Nilipolipa nikashangaa, maana nilikuwa nimekataa jina mwezi mzima na nimekubali deni kwa dakika mbili.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza falsafa za Kulwa nikiwa na deni lile la kitenge mkononi. Aliniambia habari za John Locke, aliyeongeza sura nzima kuhusu jambo hili katika toleo la 1694 la kitabu chake: mtu ni yule yule kwa kuwa fahamu yake inafika nyuma na kukumbuka aliyoyafanya. Nikamsikiliza mpaka mwisho, halafu nikamkumbusha miezi ya mwisho ya baba yake. Baada ya kiharusi hakukumbuka nyumba, hakukumbuka njia ya Inyonga. Mimi aliniita kwa jina la mke wa kwanza, kila siku, kwa upendo mkubwa, akaniomba uji kwa jina la mwingine. Nilimpa uji. Kama kumbukumbu ndiyo mtu, basi nilikuwa mgeni nikimlisha mgeni. Hapakuwa na mgeni chumbani mle. Nilimdai mambo, alinidai mambo, na wote wawili tuliendelea kulipana ingawa mmoja wetu alishasahau daftari. Na siku ya mazishi, kabla jeneza halijashushwa, shemeji yangu alisimama akatangaza kama inavyotangazwa kwenye kila msiba wa kwetu: anayemdai marehemu aje kwa familia. Hakusema aende kwa kumbukumbu yake, wala kwa mifupa yake.

Nimezaliwa Karema, kwa hiyo sihitaji chombo cha Theseus. Tulikuwa na meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikatekwa. Ninachokipenda ni hiki: kabla ya kuizamisha, mafundi wale waliipaka injini grisi nene. Walikuwa wakiiua huku wakiitunza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilifaa kutumika, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1970 ile injini ya mvuke iliyolindwa na grisi ikatolewa, ikawekwa dizeli. Mwaka 1993 dizeli nazo zikabadilishwa.

Mama yangu aliijua Liemba ya mvuke. Mimi niliipanda mwaka 1984, nina miaka 12, ikiwa ya dizeli. Karema haikuwa na gati, tukapelekwa kwa mitumbwi usiku, taa zake zikishuka majini kama moto wa mkaa. Mama akanieleza habari za moshi, mimi nikamweleza habari za mtetemo chini ya miguu, na hata siku moja haikutupitia kwamba tunazungumzia meli mbili. Ilikuwa na tiketi zetu na mizigo yetu. Watu wa Ikola walikuwa wanaingoja. Meli yenye watu wanaoingoja ufukweni haina nafasi ya kuwa meli nyingine.

Hapo ndipo ninapoachana na fundi wangu na kifandugu chake, ingawa ninaheshimu imani ambayo amekitoa humo. Siku ya pili nilimwuliza: "Fundi, hii chasisi si wewe mwenyewe uliyeikata na kuiunga mwaka 2014, lilipoingia shimoni?" Akanyamaza kidogo. Chini ya gari nikasikia anawasha tochi, anatazama kovu la weldi yake mwenyewe.

"Niliunga," akasema, "lakini namba ilibaki."

"Kwa hiyo kifandugu ni namba?"

"Shemeji, nipe spana ya kumi na nne."

Kulwa ana dawa nyingine, ya Augustino, yule askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, katika Mji wa Mungu. Augustino aliulizwa swali la kutisha: mtu akila nyama ya mtu kwa njaa, siku ya ufufuo nyama ile itakuwa ya nani? Akajibu kwamba itarudi kwa mwenyewe wa kwanza, ilikuwa ya kukopwa tu, na yule mlaji Mungu hatashindwa kumjazia. Nilipolisikia hilo nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nilimfikiria mwenye basi dogo fulani kule Japani, siku ya mwisho, akija Kashaulili kudai 14B yake. Lakini nililala nikiwa mtulivu kuliko usiku uliotangulia. Askofu yule, pamoja na hesabu zake za ajabu, aliona jambo: kiungo kinaweza kukutumikia kwa ukamilifu na bado kikawa amana. Mimi nimewatumikia Kulwa na Doto miaka zaidi ya 20 kwa jina la amana. Sijaona kwamba kulishika kwa mkopo kumenifanya niwapende kwa mkopo.

Mama mkwe wangu, Mbende, hana subira na vitabu. Kwao Katabi ni pepo mkubwa, ndiye aliyeipa jina hifadhi na mkoa, na wanasema anakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, ambako watu hupeleka sadaka. Nikiwa mgeni, na Mkatoliki mwenye kiburi cha misheni, nilimwuliza mkwaju ule ukianguka Katabi atakuwa wapi. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza bei ya kitu asichonunua. "Hujamwomba kitu," akasema, "unauliza anakolala?"

Nikanunua 14B. Pesa ilitoka kwenye asali, kwenye kikoba, na laki tatu kutoka kwa Doto, aliyeandika kwenye muamala neno "skrepa" kwa kejeli. Ililetwa kutoka Dar es Salaam juu ya lori, imefungwa kwa mpira wa manati na turubai. Iliposhushwa, fundi alisoma bismillahi, mimi nikafanya ishara ya msalaba, kijana wake akapiga picha. Ilikaa juu ya maunting kama ilivyoahidiwa. Altaneta ya zamani ikahamia kwenye injini mpya, na stata pia, na feni. Kwa hiyo ile 3B iliyolala sasa chini ya mwembe wangu, kuku wakitagia upande wa pampu, imeshaanza kutoka yenyewe kipande kwa kipande kwenda kwa mdogo wake. Hobbes angepata taabu hapa uani kwangu. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja mara mbili na mizani yake. Nimemwambia subiri.

Namba mpya tumeipeleka TRA. Safari ya kwanza ilikuwa Karema, kulipa. Niliondoka alfajiri na madebe mawili ya asali ya kuwaongezea wale wanawake kwa kunisubiri, nikitwangiwa kinu kitupu chini ya miguu njia nzima, na niliposimama ufukweni yule mzee anayepima dagaa alikuwa tayari amesimama na mikono kiunoni.

"Mama Kulwa, gari lako limebadilika sauti."

"Na wewe umeng'oka meno mangapi tangu Pasaka? Pima dagaa."